Mchoraji na Mchorwa: Fahari ya Watu Wenye Ulemavu katika Picha za Sura

Katika jumba la makumbusho la Prado, mjini Madrid, kuna picha ya mwaka 1644 iliyochorwa na Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Philip wa Nne wa Hispania. Mtu aliyechorwa ni mfupi wa kimo. Ameketi sakafuni, miguu imenyoshwa mbele hata nyayo za viatu vyake zaonekana. Ngumi zake amezikaza kiunoni, joho lenye nakshi ya dhahabu liko mabegani, na macho yake yamkabili mtazamaji pasipo kupepesa. Ni sura ambayo aliyeiona mara moja haisahau. Walakini ajabu ni kwamba sura hiyo ilienea dunia nzima bila ya jina la mwenyewe kujulikana kwa yakini. Kwa miaka mingi vitabu vilimwita Sebastián de Morra. Siku hizi watunzaji wa Prado humwita El Primo, lakabu ambayo maana yake ni Binamu. Na lakabu hiyo hapo kwanza ilikuwa imebandikwa picha nyingine, ya mtu mfupi aliyezungukwa na vitabu vikubwa, ambaye sasa hatajwi ila kwa maneno "Mcheshi mwenye Vitabu". Majina yamehamishwa kutoka picha hii hata ile kama vibandiko vya chupa za dawa. Picha za mfalme hapana aliyepata kuzikosea.

Kosa hilo la majina si jambo dogo. Picha ya sura ya mtu, tofauti na picha ya mlima au ya matunda, ni namna ya ushahidi: yasema kuwa huyu ni fulani, alikuwako, na alikuwa hivi. Aliyechorwa bila ya jina lake kutunzwa ameshuhudiwa nusu. Kwa hiyo historia ya watu wenye ulemavu katika picha za sura haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu ni mara ngapi walichorwa, kwani walichorwa mara nyingi. Yapasa iulizwe ni nani aliyeagiza picha, ni nani aliyeilipia, ni nani aliyeweza kukataa, na ni nani aliyechagua maneno yaliyoandikwa chini yake. Neno fahari, ambalo limepata nguvu kubwa katika harakati za watu hao tangu mwisho wa karne ya 20, halina uzito mpaka litiwe katika mizani ya maswali hayo.

Yafaa hapa kusimama kidogo juu ya maneno, maana wasomi wa Kiswahili wanalo la kuongeza. Kiswahili cha zamani kimewapanga watu hawa karibu wote katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, kilema. Wako waliosema kwamba kwa kufanya hivyo lugha imewahesabu watu kuwa vitu. Hoja hiyo yataka uangalifu, kwani ngeli hiyo hiyo inao kiongozi, kijana na kinyozi, na upatanisho wa majina hayo yote katika sentensi ni wa watu: kipofu amekuja, vipofu wamekuja. Hata hivyo neno kilema lina jambo lake pekee. Limetumika kwa maana ya dosari yenyewe na kwa maana ya mtu mwenye dosari bila ya kubadilika umbo, hata mtu akawa ndiye dosari yake. Kwa sababu hiyo neno mlemavu, lililotokana na kitenzi lemaa na kutiwa katika ngeli ya M-WA, halikuwa mchezo wa wanasarufi. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ikaenda hatua moja zaidi, ikasema "watu wenye ulemavu", mtu akitangulia na ulemavu ukifuata. Kadhalika methali Hujafa hujaumbika, ambayo hutajwa kumwonya anayemcheka mwenye kilema, ni methali ya huruma na tahadhari: yasema kuwa yaliyompata yule yaweza kukupata wewe. Haisemi kuwa yule anayo sababu ya kujivunia jinsi alivyo. Dai hilo ni jingine kabisa, na wachoraji walilifikia kwa njia ndefu.

Katika kasri za wafalme wa Hispania wa karne ya 16 na ya 17, watu wafupi, wenye upungufu wa akili na wacheshi waliwekwa kwa jina la "watu wa furaha", yaani watu wa kumfurahisha mfalme na nyumba yake. José Moreno Villa alipochapisha habari zao huko Mexico mwaka 1939, kwa kuzitoa katika hati za kasri, ilionekana jinsi walivyokuwa wengi na jinsi walivyoingizwa katika hesabu za nyumba pamoja na nguo na posho zao. Hali zao hazikuwa sawa. Nicolás Pertusato, aonekanaye katika picha kubwa ya Las Meninas ya mwaka 1656 akimkanyaga mbwa, baadaye alipanda cheo akawa mmoja wa watumishi wa chumba cha mfalme; na kando yake katika picha hiyo amesimama Maribárbola, mwanamke mfupi aliyetoka Ujerumani, ambaye anatazama mbele moja kwa moja kama mtu asiyeomba radhi ya kuwapo.

Sifa anazopewa Velázquez ni za haki. Kabla yake, katika karne ya 16, Antonis Mor alikuwa amemchora mtu mfupi wa nyumba ya Kadinali Granvelle akiwa amesimama pamoja na mbwa mkubwa, na jicho la mtazamaji laongozwa lipime kimo cha mtu kwa kimo cha mnyama. Katika picha ya mwaka 1644 Velázquez hakutia mbwa, wala kiti, wala mtu mrefu. Hapana kitu cha kupimia ila uso. Lakini wasifu wake wasije wakasahau kwamba El Primo, kama ndiye, hakuwa na njia ya kusema hataki kuchorwa. Picha haikuwa yake, wala haikutundikwa nyumbani kwake. Heshima iliyomo ndani yake ilitoka kwa mchoraji, na mchoraji mwingine wa kasri hiyo hiyo angeweza kuinyima.

Mambo yalianza kugeuka mahali pasipotazamiwa, yaani katika magulio ya Uingereza. Sarah Biffin alizaliwa mwaka 1784 katika kijiji cha East Quantoxhead, wilaya ya Somerset, kwa wazazi wasio na mali. Alizaliwa bila mikono, na miguu yake haikukua. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa inchi 37, yaani kama sentimita 94. Tangu utotoni alijifunza mwenyewe kushona, kukata kwa mkasi na kuandika kwa kinywa na bega. Angali kijana alifungwa kwa mkataba na bwana mmoja mwenye maonyesho ya kuzunguka, jina lake Emmanuel Dukes, akachukuliwa gulio hata gulio. Watu walilipa kiingilio wamwone akishona, akiandika na kuchora, na waliotaka waliweza kuchorwa sura zao wakenda nazo. Matangazo ya Dukes yaliandika jina lake Beffin, na yalitangaza umbo lake pamoja na kazi yake, kama kwamba ni bidhaa moja.

Katika mwaka 1808 Earl wa Morton alimwona katika gulio la Mtakatifu Bartholomew mjini London, akamwagiza amchore. Yasemwa kwamba kila kikao kilipokwisha aliichukua picha akaenda nayo, akairudisha kikao kilichofuata, ili awe na yakini kwamba hapana mkono mwingine uliosaidia. Habari hii husimuliwa kwa kumsifu Earl, na kweli alimfaa sana mwanamke yule, kwani alimlipia mafunzo kwa William Marshall Craig, mchoraji aliyekuwa na kazi katika nyumba ya Malkia Charlotte. Lakini yaweza kusomwa kwa upande wa pili pia. Wachoraji wenye mikono walikuwa na makosa yao mengi, wengine wakiwaachia wanafunzi wao nusu ya kazi, na hapana mteja aliyewanyang'anya picha kila jioni kama watu wanaoshukiwa wizi. Biffin alitakiwa athibitishe kwanza kuwa yeye ndiye mtendaji, ndipo kazi yake itazamwe kama kazi.

Aliithibitisha. Katika mwaka 1821 alipewa nishani na Chama cha Sanaa cha London. Alikwisha achana na Dukes, akawa na chumba chake mwenyewe cha kazi, na watu wa nyumba ya kifalme wakawa miongoni mwa waliompa kazi. Kazi yake kubwa ilikuwa picha ndogo za sura, zilizochorwa kwa rangi za maji juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Sanaa hiyo haina huruma. Uso mzima waingia katika nafasi isiyozidi kiganja, na brashi ikiteleza unywele mmoja, jicho la mchorwa limepofuka. Biffin alifunga brashi katika kitanzi kilichoshonwa begani mwa nguo yake na kuiongoza kwa kinywa. Kwa namna hiyo alichora lasi, mikunjo ya hariri, na wekundu wa mashavu ya watoto. Zimesalia pia picha zake za manyoya ya ndege, ambamo kila unyoya una uzito wake na kivuli chake, na ambazo wajuzi wa picha za aina hiyo wanazithamini si kwa ajabu ya namna zilivyofanywa, bali kwa uzuri wake.

Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni sahihi yake. Picha zake nyingi zina maneno ya kusema kwamba zimechorwa na Bibi Biffin "bila mikono". Wako wanaoyaona maneno hayo kuwa masalio ya gulio: mwanamke aliyezoeshwa kujiuza kama kioja hakuweza kuacha kujiuza hata alipokuwa huru. Hukumu hiyo ina ukweli kidogo. Alihitaji kula, na maneno yale yalivuta wateja. Lakini maneno mamoja yakitoka katika vinywa viwili huwa maneno mawili. Katika tangazo la gulio ni Dukes aliyesema kuwa mwanamke huyu hana mikono, na aliyeambiwa alikuwa mpita njia mwenye sarafu mkononi. Chini ya picha ni mchoraji mwenyewe asemaye, mahali ambapo desturi humpa kila mchoraji haki ya kusema mimi ndiye niliyefanya. Na aliyeambiwa ni yule aliyekwisha kuitazama kazi na kuridhika nayo. Kosa la mwili, kama wenzake walivyoliita, limewekwa katika sehemu ya sahihi, baada ya jina, mahali ambapo wengine huweka cheo au mji wao. Angeweza kulinyamazia, maana picha yenyewe haina alama ya kuonyesha imefanywa kwa mkono au kwa kinywa. Hakulinyamazia kwa muda wa miaka mingi, hata alipokuwa na nishani.

Picha alizojichora mwenyewe zaunga mkono maoni hayo. Amejionyesha katika nguo nzuri za bibi wa mjini, nywele zimetengenezwa, na vifaa vya kazi viko karibu naye. Mikono ya nguo ni mitupu, naye hakuifunika kwa shali wala kuificha nyuma ya meza. Jicho la mtazamaji likifuata mkono wa nguo halikuti utupu. Lakuta brashi, iliyofungwa mahali pake. Mchoraji wa kasri alihitaji hekima kubwa ili asimpe mchorwa wake mbwa wa kupimiwa. Biffin alijipa brashi, na hakuna aliyemshauri.

Isidhaniwe kwamba jambo hilo liliwanyamazisha wengine. Charles Dickens alilitumia jina la Biffin kama mzaha katika hadithi zake zaidi ya moja, kati ya hizo Nicholas Nickleby na Martin Chuzzlewit, kwa kuwa aliamini wasomaji wake wataelewa mara moja. Mtu aliyejitaabisha ili jina lake liwe jina la mchoraji aliligundua limekuwa pia jina la kichekesho. Ndoa yake ya mwaka 1824 na William Stephen Wright haikudumu, ijapokuwa baadaye alitumia pengine jina la Bibi Wright. Siku zake za mwisho aliishi Liverpool katika dhiki ya fedha, na marafiki wakamchangia. Alifariki huko tarehe 2 Oktoba 1850. Baada ya hapo vitabu vya historia ya sanaa vilimsahau, na vitabu vya vioja vikamkumbuka.

Kumbukumbu yake ilirejea kwa njia ya soko, jambo ambalo pengine lisingemshangaza. Katika mwezi wa Desemba 2019 picha mojawapo aliyojichora iliuzwa katika mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni 137,500. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa mwaka 2022, nyumba ya picha ya Philip Mould katika mji huo huo ilifanya maonyesho ya kazi zake, na jina la maonyesho likawa ni yale yale maneno ya sahihi, "Bila Mikono". Mmoja wa washauri wa maonyesho hayo alikuwa Alison Lapper, msanii aliyezaliwa mwaka 1965 bila mikono naye. Huyu alikuwa amekwisha onja mwenyewe tofauti ya kutazamwa na kutazamwa. Tangu mwaka 2005 hata mwaka 2007 sanamu yake ya marumaru nyeupe, kazi ya Marc Quinn, ikimwonyesha akiwa mja mzito, ilisimamishwa katika uwanja wa Trafalgar. Magazeti yalibishana kama umbo lile lilifaa kuwekwa mbele ya umma. Wachache walikumbuka kwamba juu ya nguzo ndefu ya uwanja ule ule amesimama Admeri Nelson, aliyepoteza mkono wake wa kulia huko Tenerife mwaka 1797, na mkono wake mtupu wa nguo haukupata kumkera mtu. Mkono uliokatwa vitani ulihesabiwa kuwa nishani; mwili uliozaliwa hivyo ulitakiwa ujieleze.

Kati ya Biffin na wachoraji wa siku hizi yuko Frida Kahlo wa Mexico, naye anajulikana mno hata hapana haja ya kurefusha. Alizaliwa mwaka 1907, akapatwa na polio utotoni, na ajali ya basi ya tarehe 17 Septemba 1925 ikamvunja uti wa mgongo na mifupa mingine. Alianza kujichora kitandani, kioo kikiwa kimefungwa juu yake. Katika picha ya mwaka 1944 amejionyesha kifua wazi, nguzo ya jiwe iliyopasuka ikiwa mahali pa uti wa mgongo. Katika picha ya mwaka 1951 ameketi katika kiti cha magurudumu mbele ya picha ya daktari wake Juan Farill, na ubao wa rangi alioushika ni moyo. Umaarufu wake umewafanya wengi kuzisoma picha hizo kama vilio tu. Kiti cha magurudumu cha mwaka 1951 hakilii. Ni kiti cha mtu aliye kazini, na brashi ziko mkononi mwake. Hata hivyo Kahlo alikuwa akichora nafsi moja, yake. Hakuchora jamii ya watu.

Jamii hiyo ilipata mchoraji wake mjini Chicago, na mahali penyewe pana maana. Katika mwaka 1881 baraza la mji huo lilipitisha amri ya kuwakataza watu wenye ugonjwa, waliokatika viungo au walioumbuka wasijionyeshe njiani na katika mahali pa umma. San Francisco ilikuwa imetangulia mwaka 1867, na miji mingine ya Marekani ikafuata. Wanahistoria wameziita sheria za ubaya wa sura, na Susan Schweik alizichunguza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2009. Shabaha yake hasa ilikuwa ombaomba, lakini maneno ya amri yalizungumza juu ya kuonekana kwenyewe: kosa la mtu lilikuwa ni kuwa mbele ya macho ya wenzake. Amri ya Chicago haikufutwa mpaka mwaka 1974. Katika muda huo huo ambapo njia zilifungwa, mlango mmoja wa kuonekana ulikuwa wazi kabisa, nao ni wa vitabu vya uganga. Humo watu wenye maumbile yasiyo ya kawaida walipigwa picha wakiwa uchi mbele ya ukuta mtupu, pengine macho yamefunikwa kwa mstari mweusi, na chini yao pameandikwa jina la ugonjwa. Ilikuwa ni picha ya sura iliyopinduliwa: mwili wote waonekana, mtu haonekani.

Riva Lehrer alizaliwa mwaka 1958 mjini Cincinnati na maradhi ya uti wa mgongo usiofunga barabara, akapasuliwa mara nyingi utotoni, na habari za maisha yake alizieleza katika kitabu Golem Girl cha mwaka 2020, kilichopata tuzo ya Barbellion. Katika miaka ya 1990 aliingia katika kundi la wasanii wenye ulemavu wa Chicago, na mwaka 1997 akaanza mfululizo wa picha alioupa jina la Circle Stories, yaani Hadithi za Duara. Duara ni gurudumu la kiti, ambalo limekuwa alama ya ulemavu dunia nzima. Nalo pia ni duara la watu waliokaa pamoja wakizungumza. Aliowachora walikuwa waandishi, waigizaji, wanazuoni na wapigania haki. Miongoni mwao alikuwa Susan Nussbaum, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Eli Clare, mshairi na mwandishi. Na Mike Ervin pamoja na mkewe Anna Stonum, watu wa harakati za ADAPT mjini Chicago, ambao waliifanya njia ile ile iliyokatazwa na amri ya mwaka 1881 kuwa uwanja wa madai yao, hasa dai la kwamba mtu wa kiti cha magurudumu apande basi kama abiria mwingine.

Jambo jipya katika picha hizo halikuwa mtindo. Lehrer huchora kwa ufundi wa zamani, wenye subira na rangi nyingi juu ya rangi, na mtu aliyezoea Prado hapotei mbele ya kazi zake. Jipya lilikuwa mapatano. Kabla ya kushika brashi alizungumza na mchorwa kwa vikao virefu, akauliza habari za maisha yake, kazi zake, mwili wake na namna anavyopenda kuonekana. Alama zilizotiwa katika picha zilitokana na mazungumzo hayo. Mchorwa alijua atakuwa katika mkao gani na kwa sababu gani, na aliweza kukataa. Mwenye kuchora mwenyewe ni mtu ambaye mwili wake umetazamwa na madaktari na wapita njia tangu kuzaliwa, kwa hiyo aliyeketi mbele yake hakuwa na haja ya kueleza kutazamwa huko ni nini.

Hapa ndipo neno fahari laweza kutumiwa bila ya kupambwa. Si kwamba picha zaonyesha watu wenye furaha. Wengi wao wana nyuso za mawazo, na miili haikurekebishwa wala kutukuzwa. Kovu ni kovu. Wako watakaosema kuwa mchoraji mwema akimchora mtu kwa heshima yatosha, awe nani na apatane naye au asipatane; na wataionyesha tena picha ya mwaka 1644. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayetazama picha, lakini haina msaada kwa anayechorwa. El Primo alibahatika kuwa katika zamu ya Velázquez. Nussbaum hakutegemea bahati.

Baadaye Lehrer aliyasogeza mapatano hayo hata mahali ambapo wachoraji wengi wasingekubali kufika. Katika mfululizo wa The Risk Pictures, yaani Picha za Hatari, mchorwa huja nyumbani kwa mchoraji ambako ndiko aliko na chumba chake cha kazi. Katika kila kikao huja saa ambapo Lehrer hutoka akaenda zake, naye mchorwa hubaki peke yake na picha yake, akiwa na ruhusa ya kuigeuza apendavyo. Aweza kuongeza, kufuta, kuandika juu yake, au kuiacha. Mchoraji arudipo huikuta ilivyo, na huendelea kuchora kutoka hapo, alama za mgeni wake zikiwa sehemu ya kazi. Yafaa kumkumbuka Earl wa Morton, aliyeichukua picha kila jioni kwa kuwa hakumwamini mchoraji. Hapa ni mchoraji aiachaye picha mikononi mwa mwingine, na hatari ya kuharibika kwa kazi ya miezi ni yake.

Katika mwezi wa Julai 2004, miaka 30 baada ya kufutwa kwa ile amri, maandamano ya kwanza ya Fahari ya Ulemavu ya mji wa Chicago yalipita katika njia zake: viti vya magurudumu, fimbo nyeupe, wakalimani wa lugha ya viziwi, watoto na wazee. Mfululizo wa Hadithi za Duara ulikuwa umetimiza miaka saba. Kila picha ndani yake hutajwa kwa jina la aliyechorwa, jina lake kamili, kama mwenyewe alivyolitumia.